Audie Murphy, dogo wa Texas aliyerudi kutoka vitani na nishani kibao: maswali mnayouliza kila siku

Ikitajwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia haipiti muda mtu anauliza kuhusu yule askari mfupi wa Kimarekani mwenye sura ya kitoto, na maswali ni yaleyale, nimechoka kujibu mojamoja kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kirefu maana yanastahili, mengine mstari mmoja tu, msinilaumu.

Kwanza huyu Audie Murphy ni nani?

Askari wa miguu wa jeshi la Marekani, mtoto wa wakulima wa pamba waliokuwa wanalima mashamba ya watu huko Hunt County, Texas. Alipigana Sicily, Italia bara na Ufaransa kuanzia Julai 1943 hadi mwanzoni mwa 1945, aliingia bila hata V moja begani akatoka luteni. Lile tendo lililompa Medal of Honor, ambayo ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa Mmarekani, alilifanya akiwa na miaka 19. Baadaye akawa mcheza sinema, na wazee wetu waliokuwa wanapenda muvi za kaoboi wengi wanaijua sura yake bila kujua kwamba yule jamaa alishawahi kupigana kwelikweli.

Nimesikia alidanganya umri ili aingie jeshini, kweli?

Kweli, ila tuseme dada yake ndiye aliyemdanganyia. Alizaliwa tarehe 20 Juni 1925. Wajapani wanapiga Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani, Desemba 1941 yeye ana miaka 16, akaenda kujaribu bahati akarudishwa nyumbani. Alipotimiza 17, Juni 1942, dada yake mkubwa Corinne akasaini hati ya kiapo kumuongezea mwaka mmoja, ikaonekana amezaliwa 1924, na tarehe 30 ya mwezi huohuo akawa ameshaapishwa. Ndiyo maana ukisoma huku unakuta 1924, kule 1925, si kosa la uchapaji.

Haraka yote ile ya nini, si angesubiri tu akue?

Asubiri nini wakati nyumbani hakuna kitu? Baba yake alikuwa mtu wa kuondoka na kurudi, mpaka siku moja akaondoka jumla. Watoto walizaliwa 12 kwenye ile familia. Audie aliacha shule darasa la tano akawa anachuma pamba kwa dola moja kwa siku, na akitoka huko anabeba kibunduki anaingia porini kuwinda sungura na kindi ili mboga ipatikane, na risasi ni za kununua, ukikosa shabaha mmelala bila nyama na hasara juu. Wanaouliza alijifunzia wapi kulenga, jibu ndilo hilo. Mama yake akafariki Mei 1941, wadogo zake watatu wa mwisho wakapelekwa kituo cha watoto yatima. Sasa kwa kijana wa namna hiyo jeshi ni mshahara, ni viatu, ni kula mara tatu kwa siku bila kuwinda. Sikatai kwamba uaskari aliutamani toka mdogo, ila wanaomsimulia kama malaika aliyesikia sauti ya taifa ikimuita wanaruka ukurasa mzima wa njaa.

Ni kweli walimkataa kwa udogo wa mwili?

Ndiyo. Wanamaji wale wa kuvamia fukwe walimkataa, na askari wa miamvuli nao hivyohivyo. Alikuwa na kilo 51 na urefu wa mita 1.66 hivi. Ikabaki infantri, askari wa miguu, ambao kiukweli ndio wanaokufa wengi kuliko wote na kwa hiyo hawana tabia ya kuchagua sana.

Kwenye mafunzo alikuwaje? Lazima alikuwa moto

Hapana bwana! Alipelekwa Camp Wolters, Texas hukohuko, na kwenye kwata akazimia juani mbele ya wenzake. Kuruta wenzake wakampa jina la Baby, yaani kitoto kichanga. Kamanda wa kombania akamuangalia akaona huyu hapana, tumpeleke chuo cha wapishi na waoka mikate. Dogo akagoma, akasisitiza anataka kwenda mstari wa mbele, mwisho wakamuacha. Mimi kila nikifika hapa huwa nacheka peke yangu, maana ilibaki kidogo tu Marekani impe mwiko yule mtu.

Alipigana wapi na wapi? Afrika je?

Afrika alikanyaga ila hakupigana. Meli iliwashusha Casablanca, Morocco, Februari 1943, akapangiwa Kombania B ya batalioni ya kwanza, rejimenti ya 15, divisheni ya tatu ya askari wa miguu. Mapigano ya Tunisia yakaisha yeye bado yuko kwenye mazoezi ya kushuka ufukweni. Vita yake ya kwanza ilikuwa Sicily, walishuka karibu na mji wa Licata tarehe 10 Julai 1943, siku chache baadaye akawa koplo. Septemba wakavuka kwenda Italia bara, wakapanda na nchi kuelekea kaskazini kupitia mto Volturno mpaka milima ya Mignano, mvua, matope, kila kilima kina Mjerumani juu yake. Januari 1944 akawa sajenti mwandamizi, likaja balaa la Anzio, mji wa pwani karibu na Roma, majeshi yameshuka ufukweni yakabanwa palepale miezi minne, hawasongi mbele wala hawarudi baharini. Roma ikaanguka Juni. Agosti wakaenda kusini mwa Ufaransa, wakapanda mpaka milima ya Vosges, halafu Colmar kwenye baridi ya Januari 1945, na hapo ndipo kwenye ile stori kubwa.

Muwe mnakumbuka kitu kimoja mnapomsoma huyu mtu. Divisheni yake ilipoteza zaidi ya watu 25,000, nikimaanisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, na divisheni kwa kawaida ina watu kama 15,000 tu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe walibadilishwa mara ngapi. Husimuliwa kwamba kati ya wale wa mwanzo kabisa wa Kombania B mwishoni walikuwa wamebaki wawili, yeye na sajenti wa stoo.

Mbona hayumo kwenye kutua Anzio siku ya kwanza? Alikimbia?

Alikimbia wapi, alikuwa na malaria. Ndiyo, malaria hiihii ya kwetu, Italia ya wakati ule ilikuwa imejaa mbu hasa sehemu za mabwawa. Wenzake wanashuka Anzio tarehe 22 Januari 1944 yeye yuko hospitali Naples anatetemeka, akaungana nao wiki moja baadaye, na ikamrudia tena na tena. Jeshi lilikuwa linagawa vidonge vya njano vya Atabrine, vichungu kweli, vinageuza ngozi rangi, na askari wengi walikuwa wanavitema kwa sababu ya uvumi kwamba vinamaliza nguvu za kiume. Uvumi wa dawa haujaanza leo.

Hapohapo Anzio, tarehe 2 Machi, akiwa amejificha na wenzake kwenye nyumba ya shamba iliyoachwa, kifaru cha Kijerumani kikapita, wakakidhibiti na wafanyakazi wake wakauawa. Usiku akatambaa peke yake mpaka karibu akakimaliza kwa mabomu yanayorushwa na bunduki, ili Wajerumani wasije kukivuta wakakitengeneza. Hiyo ikampa nishani ya Bronze Star.

Lattie Tipton alikuwa nani? Naona anatajwatajwa

Rafiki yake wa karibu kuliko wote, mtu mzima zaidi yake, ana mtoto nyumbani. Tarehe 15 Agosti 1944 walikuwa wameshuka ufukwe karibu na Ramatuelle, Ufaransa ya kusini, wanapanda kwenye shamba la mizabibu, Wajerumani kwenye kilima wakaonyesha kama wanajisalimisha. Tipton akasimama kwenda kuwapokea, wakampiga risasi palepale. Murphy akapanda kile kilima peke yake, akaua sita, akajeruhi wawili, akakamata mateka 11. Alipewa Distinguished Service Cross, nishani ya pili kwa ukubwa.

Watu wanalisoma tukio hili kama ushujaa na ni ushujaa kweli, lakini soma taratibu utaona ni mtu aliyepandwa na kichaa cha uchungu. Kitabu chake cha mwaka 1949 alikitoa kwa kumkumbuka Tipton na mwenzao mwingine aliyefia Italia.

Sajenti aligeukaje kuwa ofisa bila kwenda chuo?

Maofisa walikuwa wanakufa kuliko wanavyozalishwa. Oktoba 1944 kule Vosges, kwenye machimbo ya mawe ya L'Omet, akapata nishani mbili za Silver Star ndani ya siku tatu, tarehe 2 alipotambaa mpaka kwenye bunduki ya rashasha akaimaliza, na tarehe 5 alipotambaa tena na redio akaelekeza mizinga kwa saa nzima huku anapigwa. Tarehe 14 akavishwa uluteni usu pale pale vitani.

Siku 12 baadaye mdunguaji akampiga risasi ya nyonga. Kabla hajaanguka vizuri alikuwa ameshamrudishia, mdunguaji akafa. Lakini kidonda kikaoza, akalazwa Aix-en-Provence mpaka Januari, madaktari wakakata nyama ya nyonga, na inabidi ujue hilo ili uelewe kwamba yule aliyepanda juu ya chuma kinachoungua wiki chache baadaye alikuwa mtu aliyetoka hospitali juzi.

Sasa tupe ile ya Holtzwihr, kilitokea nini hasa?

Haya kaa vizuri.

Tarehe 26 Januari 1945, mashariki mwa Ufaransa, Wajerumani walikuwa bado wameshikilia kipande cha nchi kuzunguka mji wa Colmar. Kombania B ilikuwa pembeni ya msitu, mbele yao uwanja mweupe wa theluji na upande wa pili kijiji cha Holtzwihr. Kombania kamili ya Marekani wakati ule ni watu karibu 190. Ile iliyokuwa pale ilikuwa imebaki na wachache sana baada ya siku mbili tatu za kupigwa, maofisa wengine wote wamekufa au wamejeruhiwa, kwa hiyo kamanda ni huyu mtoto wa miaka 19 ambaye naye miguu ina vipande vya bomu vya siku iliyopita. Ardhi imeganda, ukichimba handaki sululu inadunda kama unapiga zege. Nyuma yao kulikuwa na magari mawili ya deraya yenye mizinga ya kupiga vifaru, yale yanayoitwa M10.

Mchana kama saa nane vikatokea vifaru sita, na nyuma yake askari wa miguu kama 250 wamevaa nguo nyeupe zinazofanana na theluji. M10 moja ikateleza mtaroni ikakwama, ya pili ikapigwa ikashika moto, waliokuwemo waliopona wakakimbia. Murphy akawaambia watu wake warudi msituni. Yeye akabaki, ana simu ya waya iliyounganishwa na wapiga mizinga nyuma, ana ramani, ana kabini yake, yaani bunduki fupi nyepesi. Akawa anataja sehemu za kupiga, anapunguza umbali kila dakika maana wanazidi kumkaribia. Inasimuliwa kwamba yule wa upande wa pili wa waya aliuliza wako karibu kiasi gani, akamjibu ngoja nimpe mmoja simu uongee naye. Ucheshi wa mtu aliyeshakata tamaa huo.

Risasi za kabini zikaisha. Akageuka akaiona ile M10 inayoungua, juu yake kuna bunduki kubwa ya rashasha ya inchi nusu na risasi zake zipo. Gari lina mafuta, lina mabomu ya mzinga ndani, dakika yoyote linalipuka. Akapanda na simu yake mkononi.

Saa nzima, wakuu. Anapiga, anaongea na simu, anapiga. Moshi wa gari ukawa unamficha, na mlio wa moto na mizinga ukawachanganya Wajerumani wasijue risasi zinatoka wapi, nani angefikiria kuna mtu mzima na akili zake juu ya gari linalowaka? Kundi moja lilitambaa kwenye mtaro mpaka umbali kama wa mita kumi, akaliona, akalimaliza. Askari wa miguu wakipungua vifaru navyo vinaogopa kusonga peke yake, vikaanza kurudi. Kwenye kitabu chake aliandika jambo ambalo mimi silisahau, kwamba pale juu ndipo miguu yake ilipata joto kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

Risasi zikaisha, waya wa simu ukawa umekatika, akashuka na jeraha jipya mguuni, akatembea mpaka msituni, akakataa kupelekwa hospitali, akawapanga watu wake wakashambulia na kuwarudisha Wajerumani nyuma.

Hii si chumvi kweli? Inaonekana kama muvi

Hata mimi ningeuliza. Lakini nishani ile haitolewi kwa maneno ya mhusika, inatolewa kwa ushahidi wa wenzake chini ya kiapo, na waliokuwa msituni walikuwa wanamuona vizuri kabisa. Walichobishana watu ni vitu vidogovidogo vya dakika na mita.

Aliua watu wangapi jumla?

Swali la kwanza kwa kila mtu na ndilo ninalolipenda kidogo kuliko yote. Kuna namba ya 240 inazunguka. Nani alihesabu? Ukiita mizinga ikapiga shamba zima, waliokufa pale ni wako au ni wa mpiga mzinga? Hati yenyewe ya Holtzwihr inasema aliua au kujeruhi kama 50, hapo unaona jeshi lenyewe halikuweza kutenganisha maiti na majeruhi kwenye tukio moja lenye mashahidi, sembuse miaka miwili ya vita.

Ndiye aliyepata nishani nyingi kuliko Wamarekani wote wa vita ile?

Mmoja wa waliopata nyingi zaidi, niishie hapo, kwa sababu jumla inategemea unahesabu nini, wengine wanajumlisha mpaka beji. Za Marekani ambazo hazina ubishi ni Medal of Honor, Distinguished Service Cross, Silver Star mbili, Legion of Merit, Bronze Star mbili na Purple Heart tatu za kujeruhiwa. Ufaransa na Ubelgiji nazo zikampa za kwao.

Alivishwa wapi ile kubwa?

Karibu na Salzburg, Austria, tarehe 2 Juni 1945, na jenerali Alexander Patch. Wiki mbili baadaye yuko Texas anapungiwa mikono barabarani, na Julai picha yake ikawa kwenye jalada la gazeti la Life, ile picha ya kijana anayecheka kama amefaulu darasa la saba.

Ile muvi aliyoigiza maisha yake mwenyewe ni ya kweli?

Ya mwaka 1955, imetokana na kitabu chake. Mtiririko ni wa kweli kwa kiasi, ila kwenye pigano la mwisho walitumia kifaru cha Sherman badala ya M10 na theluji haipo, walipigia picha jimbo la Washington. Yeye mwenyewe alisita kujiigiza. Fikiria unaambiwa rudia kufiwa na rafiki yako, halafu mtu anapiga kelele "kata", mnarudia tena.

Vita ilimuacha salama?

Hapana. Alikuwa analala na bastola yenye risasi chini ya mto, taa inawaka, na ndoto zinamuamsha. Ndoa ya kwanza ilidumu kama miaka miwili tu, na mke wake alisimulia kwamba aliwahi kumuelekezea bunduki. Akazoea vidonge vya usingizi vya Placidyl mpaka vikamtawala, miaka ya 1960 akajifungia chumba cha moteli wiki nzima kuviacha kwa nguvu, akaviacha. Wakati ule wanaume hawasemi mambo hayo, yeye akayasema hadharani, akawa anataka serikali iwatazame waliotoka Korea na Vietnam. Hospitali ya maveterani San Antonio imepewa jina lake.

Pesa je? Alikufa tajiri?

Zilikuja nyingi, zikaondoka kwenye kamari na farasi, miaka ya mwisho ana madeni. Matangazo ya pombe na sigara aliletewa akayakataa, akisema yatawaharibu vijana. Ila za mwanzo alinunua nyumba Farmersville, Texas, kwa ajili ya Corinne na mume wake, wale wadogo zake wakatolewa kituo cha yatima wakaenda kukaa humo.

Alikufaje, na kaburi liko wapi?

Ajali ya ndege ndogo, tarehe 28 Mei 1971, kwenye mlima Brush huko Virginia, mvua na ukungu, wote sita waliokuwemo wakafa. Amezikwa Arlington, makaburi ya kijeshi ya taifa ya Marekani. Watu wanakwenda wengi mpaka ikabidi wajenge kinjia cha mawe wasikanyage makaburi ya jirani. Wenye Medal of Honor pale kwa kawaida maandishi ya jiwe lao huwekwa dhahabu, yeye aliomba lake liwe la kawaida kama la askari yeyote, kwa hiyo ni jiwe jeupe tu na maandishi meusi. Mwaka wa kuzaliwa uliochongwa ni 1924, ule wa dada yake.